Usomaji wa Jumatatu

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakumkusudia fundi wa visima, maana huyo hushuka kwa ujira wake na kupanda akiwa salama. Walimkusudia mtu anayemchimba mwenzake. Wapo wanaoitaja methali hii huku wakicheka, kana kwamba ni jambo la mzaha. Si mzaha hata kidogo. Kabla mchimbaji hajatumbukia, huwapo kwanza mtu asiye na hatia aliyesimamishwa ukingoni mwa shimo na kusukumwa, na wenzake wanatazama tu huku mikono wameikunja. Hadithi hii ni ya mtu huyo.

Nje kidogo ya mji wa Mahdia, pale mizeituni inapoanza kupangana safu kwa safu, palikuwa na kituo cha kutafiti wadudu waharibifu wa mimea. Kituo hicho kilikuwa na kompyuta moja kubwa, iliyofungiwa katika chumba chenye ubaridi, na watafiti wote waliitumia kwa pamoja kutoka mezani kwao. Kila mmoja aliingia kwa jina lake na nywila yake, akaiandikia mashine amri kwa maneno, nayo ikatii bila kuuliza sababu. Amri hizo zilihifadhiwa katika rekodi ya mwenyewe, moja chini ya nyingine, ili mtu akisahau alichokifanya jana aweze kurudi nyuma na kusoma. Rekodi ile iliwekwa imsaidie mwenye nayo. Mondher, mkuu wa idara, aliigeuza kuwa fimbo.

Watu walimwita Si Mondher, yaani Bwana Mondher, kwa kuwa cheo kilidai aitwe hivyo. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye viatu vinavyong'aa na ulimi unaochoma. Siku moja alitangaza kwamba rekodi za wafanyakazi wote zitakuwa wazi kwa wote, na kwamba kila Jumatatu asubuhi zitasomwa hadharani, zikimulikwa kwenye ukuta wa ofisi yake. Aliliita jambo hilo Usomaji. Alisema anataka kila mtu ajifunze kwa mwenzake. Kwa kweli alitaka kuwaona watu wazima wakijikunyata kwenye viti kama watoto waliokosea hesabu.

"Wided," alisema Jumatatu moja, akimwonyeshea kidole binti mmoja aliyekuwa akipima mashambulizi ya nzi wa zeituni mashambani. "Amri hii umeiandika mara tatu ndipo mashine ikakubali. Ulikuwa unaandika kwa viwiko?"

Watu walicheka. Walicheka kwa sababu kila anayecheka huomba kimoyomoyo zamu yake isifike. Wided alicheka nao, na baadaye alijichukia kwa kicheko kile.

Zamu ya Anouar nayo ilifika. Anouar, mcheshi wa kituo, alikuwa ameandika makosa mengi wiki ile, akaamua kuifuta rekodi yake asije akaaibishwa. Jumatatu ilipofika rekodi ilikuwa palepale, nzima, na chini kabisa ilionekana amri yenyewe ya kufuta. Si Mondher alicheka hadi akatoa leso.

"Mwoneni huyu. Hata kufuta hajui. Jamani, mtu anashindwa hata kuharibu."

Walipotoka, Wided alimpa Anouar nusu ya mkate wake uliopakwa harissa, ile pilipili ya kusaga, akamwuliza ilikuwaje.

"Nilijisahau, dada," Anouar alisema. "Ukiwa ndani, mashine hii inayaweka uliyoyaandika kichwani mwake tu. Inayaandika kwenye rekodi pale unapotoka. Mimi nilifuta rekodi nikiwa bado ndani. Nilipotoka, ikayamwaga yote tena, na ile amri ya kufuta juu yake. Bwana mkubwa anadhani ni uzembe wangu. Mwache adhani hivyo, mimi siwezi kumfundisha bure."

Mambo yaliharibika vuli ile, mavuno yalipokaribia. Kulikuwa na dawa mpya ya kupulizia mizeituni, na Si Mondher alikuwa ameisifu dawa hiyo katika ripoti, katika mikutano na hata katika redio ya mkoa. Wageni kutoka mji mkuu, Tunis, walitarajiwa kuja kuamua kama wakulima wauziwe. Vipimo vya Wided, alivyovikusanya kwa misimu mingi kwa kuzunguka mashamba na viatu vyenye matope, vilisema jambo moja tu: dawa ilikuwa bure. Nzi walikuwa wakizaliana kana kwamba wamepuliziwa marashi.

Si Mondher alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwagizia kahawa. Hakuwa na desturi ya kumwagizia mtu kahawa.

"Binti, hizi namba zako zinahitaji kulainishwa kidogo."

"Kulainishwa vipi, Si Mondher?"

"Zilainishe zikae vizuri. Wewe ni msomi, unajua ninachosema. Yale mashamba yaliyoharibika sana yaweke pembeni."

"Yaliyoharibika sana ndiyo mengi."

"Basi yaweke pembeni mengi."

"Siwezi," Wided alisema. "Mkulima atakopa anunue dawa, halafu akamue maji badala ya mafuta. Nitapita kwa uso gani katika mashamba yale?"

Si Mondher alitabasamu, akasogeza kile kikombe cha kahawa mbali naye kabla hajakinywa. Mkataba wa Wided ulikuwa unangoja sahihi ya bwana huyo mwisho wa mwaka, na wote wawili walilijua hilo.

Jumatatu iliyofuata vipimo vyote vya mashambani vilikuwa vimetoweka kwenye mashine, hata nakala zake. Si Mondher hakupiga kelele. Alisubiri Usomaji, akaiweka rekodi ya Wided ukutani, akashuka nayo polepole hadi mstari mmoja, kisha akasimama. Ilikuwa amri ya kufuta folda nzima, na juu yake lilikuwa jina la Wided pamoja na tarehe.

"Someni wenyewe," alisema kwa sauti ya msiba. "Mimi nasikia uchungu hata kutamka."

Wided alisimama. Alisema hakuandika amri ile. Alisema siku ile alikuwa shambani tangu asubuhi. Si Mondher akajibu kwa upole kwamba siku hizi mtu anaweza kuingia kwenye mashine hata akiwa juu ya mzeituni, mradi ana simu. Wenzake waliokula naye mkate kwa miaka waliinamisha macho. Hakuna hata mmoja aliyesema neno, na hiyo ndiyo ladha chungu kuliko zote, maana uongo wa adui mtu huutarajia. Alhamisi ingefanyika kikao cha nidhamu mbele ya mkurugenzi, na kila mtu alijua kikao cha namna ile huishia wapi. Angefukuzwa, na mtafiti aliyefukuzwa kwa kuharibu utafiti haajiriwi tena popote nchini, hata kuhesabu magunia.

Nyumbani, mama yake alikuwa akikaanga samaki. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akazima jiko.

"Watu kazini wanasema niombe radhi," Wided alisema. "Wanasema nikikiri kwamba ni bahati mbaya, labda wataniandikia onyo tu."

"Watu gani hao?"

"Wenzangu."

"Hao si wenzako," mama alisema. "Ukiomba radhi kwa kosa usilolifanya, umelifanya. Mimi sikukulea uinamie viatu vya mtu. Kula samaki, halafu fikiri."

Wided alikula, akafikiri. Kituoni kulikuwa na nywila moja kuu, inayomwezesha mwenye nayo kuvaa jina la mtu yeyote na kuandika amri kana kwamba ndiye yeye. Zamani ilikuwa mikononi mwa fundi wa mitambo, mpaka Si Mondher alipoichukua, eti kwa usalama. Kesho yake asubuhi Wided alifungua rekodi ya Si Mondher, kwa kuwa yule bwana aliposema rekodi za wote ziwe wazi hakukumbuka kuitoa yake. Hakuna aliyewahi kuthubutu kuitazama. Ilikuwa tupu kabisa.

Alimwita Anouar, akamwonyesha.

"Tupu?" Anouar alinong'ona. "Mtu aliyekaa humu miaka yote hiyo?" Akaiuliza mashine ni nani walio ndani kwa wakati ule. Majina yakatokea, na jina la Si Mondher lilikuwamo, limeingia tangu kabla ya sikukuu ya Maulidi. "Mkubwa hafungi mlango. Kompyuta ya ofisini kwake haizimwi. Amefuta rekodi, dada, lakini bado yumo ndani."

"Kwa hiyo yote yako kichwani mwa mashine."

"Yote. Lakini sikiliza. Umeme ukikatika, au mtu akimtoa kwa nguvu, yanapotea yasionekane tena. Ni lazima atoke mwenyewe, kwa hiari yake, kama mtu anayeaga."

Walitazamana. Si Mondher hakuwa mtu wa kuaga.

Wided alikwenda kwa mkurugenzi, Lalla Saloua, yaani Bibi Saloua, mama mkavu wa maneno, aliyependa kazi imalizike kuliko alivyopenda imalizike kwa haki. Kabla hajasema sentensi mbili alikatizwa. "Yote utayasema Alhamisi, binti. Sisikilizi mambo ya pembeni." Wided akarudi mezani kwake, akaomba siku zipite bila umeme kukatika. Jumatano upepo ulivuma kutoka baharini na taa zikacheza mara mbili. Kila zilipocheza alishika ukingo wa meza.

Alhamisi walikutana katika ofisi ya Si Mondher, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na meza kubwa na ule ukuta. Yeye mwenyewe alikaa mbele, kompyuta yake ikiwaka ubavuni, kama kadhi aliyekwisha kuandika hukumu. Wafanyakazi wote walikuwapo. Anouar ndiye aliyeshika kompyuta ya kumulika ukutani.

"Tuanze," Lalla Saloua alisema. "Wageni wanakuja wiki ijayo na sina cha kuwaonyesha."

"Kipo, Lalla. Ipo ripoti yangu," Si Mondher alisema. "Ni ile kazi ya shambani tu ambayo huyu ameifuta."

"Sikuifuta," Wided alisema.

"Rekodi inasema umefuta. Jina ni jina. Mashine haina ugomvi na mtu."

"Mtu mwingine ameingia kwa jina langu."

Si Mondher aligeuka kuwatazama waliokuwapo. "Mnamsikia? Ni jini. Kila mwizi wa kuku husema ni jini. Na jini hili lilimaliza wanawake wote wa Mahdia likaona limvae Wided."

Wachache walicheka. Wided alisubiri kicheko kiishe. Kisha akamgeukia mkurugenzi.

"Lalla Saloua, kwa miezi mingi tumekaa katika viti hivi tukivuliwa nguo kila Jumatatu. Kila kosa la vidole vyetu limesomwa. Kanuni inasema rekodi za wote, na ya Si Mondher haijasomwa hata mara moja. Naomba isomwe leo."

Si Mondher akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Isomwe. Anouar, fungua, uwape raha."

Anouar akafungua. Ukuta ukabaki mweupe, hauna hata mstari.

"Mmeridhika?" Si Mondher aliuliza. "Mimi ni mkuu wa idara. Naagiza watu, siagizi mashine. Lalla, tuendelee, tunapoteza muda."

"Ombi moja la mwisho," Wided alisema. "Si Mondher atoke kwenye mashine, kwa njia ya kawaida, halafu rekodi isomwe tena."

"Nitoke? Kwa sababu gani?"

"Ndiyo, kwa sababu gani?" Lalla Saloua aliuliza.

Hapo ndipo roho ya Wided ilipokuwa imening'inia kwa uzi. Akieleza, bwana yule angeelewa, na kidole kimoja kwenye swichi ya umeme kingemaliza kila kitu.

"Kama ni tupu itabaki tupu, Lalla. Haimgharimu chochote."

Si Mondher alikunja uso. Mkono wake ulitulia juu ya meza, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayetafuta kitu asichokijua. Ndipo Anouar akakohoa.

"Labda amesahau namna ya kutoka, Lalla. Hajatoka tangu Maulidi. Si Mondher, nije nikusaidie? Si aibu, hata mimi huwa nasahau."

Safari hii walicheka wengi, na hawakumcheka Wided. Masikio ya Si Mondher yakawa mekundu. Kiburi kina masikio makubwa kuliko akili.

"Wewe?" alisema. "Wewe usiyejua hata kufuta ndiye unisaidie mimi?" Akaivuta kompyuta yake, akaandika neno moja, akagonga kitufe kwa kishindo. "Haya, nimetoka. Mnataka nitoke na ofisini pia?"

Anouar aliifungua upya ile rekodi, na ukuta ukajaa.

Mistari iliteremka, mmoja chini ya mwingine, amri za wiki nyingi zilizokuwa zimekaa kichwani mwa mashine zikingoja mwenyewe aage. Lalla Saloua alivaa miwani, akasimama, akausogelea ukuta. Alisoma kimya. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hii ni amri ya kufungua barua zangu."

Si Mondher aliinuka nusu kutoka kitini.

"Na hii. Na hii." Kidole kikashuka. "Hapa unanakili vipimo vya mashambani na kuvipeleka mahali pa siri. Vipimo hivyohivyo vilivyopotea. Hapa unatumia nywila kuu. Unavaa jina la Wided." Alirekebisha miwani. "Unarudi kuwa wewe. Na hapa mwisho, unafuta rekodi yako mwenyewe."

"Mtu," Si Mondher alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kama punje ya zeituni iliyokwisha kukamuliwa. "Lalla, mtu mwingine ameingia kwa jina langu."

"Jina ni jina, Si Mondher," Lalla Saloua alisema. "Mashine haina ugomvi na mtu."

Anouar alikwenda mahali pa siri palipotajwa katika rekodi, akavikuta vipimo vyote, hakuna hata mti mmoja uliopungua. Mwizi yule alikuwa mchoyo mno kuvitupa. Alikuwa ameviweka apate kuvitumia siku nyingine kwa jina lake, vikiwa vimelainishwa.

"Uliuliza kama tunataka utoke na ofisini," Lalla Saloua alisema, akivua miwani. "Ndiyo. Toka. Funguo na nywila ziache mezani."

Alitoka akipita katikati ya viti, na kila aliyewahi kusomwa katika chumba kile alimtazama usoni. Viatu vyake vilikuwa bado vinang'aa.

Baada ya hapo wenzake Wided walimzunguka. Mmoja alisema alijua tangu mwanzo kwamba hana kosa. Mwingine alimletea kahawa yenye sukari ya kutosha. Wided alikitazama kikombe na wala hakukigusa. Hakuwa na furaha waliyoitarajia. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo: hasira kwa yule aliyemsukuma, na kwa hawa walioona anasukumwa wakatazama sakafu.

"Mlijua tangu mwanzo?" aliuliza. "Basi mngesema tangu mwanzo."

Lalla Saloua naye alisimama mlangoni, akakiri mbele ya watu wote kwamba alikataa kusikiliza siku ile ilipompasa kusikiliza, na hapohapo akausaini mkataba wa Wided juu ya meza ya Si Mondher. Wided aliuchukua, akashukuru kwa neno moja tu, akaomba jambo moja: kwamba kuanzia siku ile rekodi ya mtu iwe ya kumkumbusha mwenyewe, na Usomaji ufe. Ukafa. Wageni walipofika kutoka Tunis walionyeshwa vipimo kama vilivyo, na dawa ile ya marashi ya nzi haikumfikia mkulima yeyote.

Si Mondher ndiye aliyeagiza rekodi za wote ziwe wazi. Yeye ndiye aliyeweka ule ukuta, yeye ndiye aliyemcheka aliyeshindwa kufuta, na ni kidole chake mwenyewe kilichogonga kitufe cha mwisho. Hakuna aliyemsukuma, maana mchimba kisima huingia mwenyewe.